Nauli Tatu za Meli na Fomu Zako Mbili

Cherono mwanangu,

Habari za shuka, sabuni na kufuli ya sanduku mama yako ameshakueleza, na kibuyu cha mursik amekifunga mwenyewe kwa gazeti ili maziwa yasimwagikie nguo. Sitayarudia hayo. Naandika hapa mezani saa tisa mchana. Mvua inapiga mabati mpaka sisikii redio, na wewe uko kanisani, wenzako wa kwaya wanakuaga. Nina kama saa mbili kabla hujarudi. Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo, lakini unanijua. Nikitakiwa kusema jambo zito mbele ya mtu, badala ya kusema lililo kweli nasema lililo rahisi. Barua hii inahusu hilo hasa.

Alhamisi jioni ulinifuata zizini nikikamua, fomu mbili mkononi. Moja ni ya ile kampuni ya majani chai inayotaka kukulipia mafunzo yote ya uuguzi huko Kisumu, halafu uifanyie kazi. Nyingine ni ya kujilipia wenyewe. Ukaniuliza, "Baba, wewe unaonaje? Nitie sahihi kwenye ipi?" Nami nikajibu bila kuinua macho kutoka kwenye ndoo, "Chukua ya kampuni. Hakuna tofauti kubwa."

Ulisema, "Sawa, Baba," ukaenda zako. Nilibaki pale na ndoo katikati ya magoti, ng'ombe ananigeukia kuuliza mbona nimeacha. Maneno hayo nilikuwa nimewahi kuyasema mara moja, kwa sauti ileile na macho yangu yakiwa chini vilevile. Siku ile tofauti ilikuwepo na mimi niliijua. Nataka uisikie habari yake kabla hujatia sahihi popote.

Ulikuwa darasa la tano. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeajiriwa pale ofisini Kericho, ile ya tikiti za safari, juu ya duka la misumari na rangi. Nilikuwa na kidato cha sita, Kiingereza changu cha kuandika kilikuwa kizuri, na hati yangu ilisomeka. Hayo ndiyo yaliyonipa kazi. Hakuna aliyeniuliza kama naogopa simu. Nilikuwa naiogopa kama mtoto anavyoogopa sindano. Ikilia nilijifanya natafuta faili. Madam Wanjiru, mwenye ofisi, aliona siku ya pili tu.

"Arap Langat," aliniambia, "simu haiumi."

"Madam, laini ni mbaya."

"Laini ni mbaya ama ni wewe?"

Simu niliyoiogopa kuliko zote ni ya Mombasa, kwenye ofisi ya meli. Wakati ule kulikuwa na meli ya matembezi iliyokuwa ikitoka Mombasa, ikizunguka visiwani kwa siku saba na kurudi. Wateja wetu wa meli walikuwa wachache: mameneja wa mashamba ya chai, na mara mojamoja mtu wa hapa aliyestaafu au aliyepata bonasi nzuri. Dada aliyepokea simu huko alisema haraka kama cherehani. Mara ya kwanza nilipompigia alirudia neno moja nilivyolitamka kwa ulimi wangu wa Kikipsigis, nikasikia mwenzake naye anacheka. "Haya sema, bwana wa bara," akaniambia, "simu inalipiwa." Nilikata. Tangu siku hiyo nilitafuta kila njia nisiongee naye tena.

Sasa nikueleze zile nauli, maana kosa langu limo ndani yake.

Zilikuwa tatu. Ya kwanza ni nauli ya chini. Unalipa yote mara moja, hairudishwi, tarehe haibadilishwi, na chumba huchagui. Kampuni inakupa chochote kilichobaki, na namba yake unaijua siku ya kupanda, hapo bandarini. Ya pili ni nauli ya kawaida. Unatanguliza kiasi, unachagua chumba chako kwenye ramani ya meli, na ukipatwa na jambo unaweza kubadilisha mpaka mwezi mmoja kabla ya safari. Ya tatu waliiita ya kila kitu: chumba cha juu, vinywaji vyote, matembezi ya nchi kavu kila meli inapotia nanga, hata bakshishi ya wahudumu imo, na unaweza kubadilisha siku yoyote.

Ya kwanza ilikuwa inajazwa kwenye fomu na kutumwa kwa faksi, basi. Ya pili ilikuwa lazima upige simu Mombasa, ili mkubaliane chumba.

Siku moja asubuhi akaja Mzee Odhiambo, mhasibu wa kiwanda kimoja cha chai. Ni mtu wa upande wa ziwani, lakini amekaa huku miaka mingi hata anasalimia watu kwa Kikipsigis. Alikuja na mkewe, Mama Akinyi, na mama yake Mama Akinyi, mjane, mzee mwenye kitambaa cheupe kichwani. Jina lake Mama Penina. Yeye aliketi kwenye benchi. Mzee Odhiambo hakuingia vizuri. Alisimama mlangoni, bega moja ndani, akitazama ngazi. Yeye na mama mkwe wake wakitaka kuambiana jambo, Mama Akinyi ndiye aliyelipeleka huku na kulileta huku.

Mimi nimelelewa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba, mlango wetu ukitazamana na wa watu wa ziwani. Sikuhitaji kuelezwa. Kwao mwanamume na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Si chuki, ni heshima, na inawabana wote wawili. Hata kwetu mkwe haendewi ovyo. Nilikuwa najua, Cherono, nilijua kama ninavyojua jina lako.

Safari yenyewe ilikuwa ya Mama Penina. Mama Akinyi alinieleza akicheka. "Mama amekulia ziwani. Anasema maji yale ameona ng'ambo yake tangu utotoni, milima ile pale. Amesikia bahari haina ng'ambo. Anataka aone kabla hajafa."

Nilizieleza nauli zote tatu, na mpaka hapo nilifanya kazi yangu vizuri. Ile ya kila kitu niliwaambia wasiichukue. Wao ni watu wa kanisa, hawanywi, na chai ya melini ilikuwa ya bure kwa kila abiria. Mzee wa umri ule hatashuka kila kisiwa kutembezwa juani. Wangelipia vitu vya watu wengine. Mzee Odhiambo aliitikia kwa kichwa kule mlangoni.

"Karani," akasema, bado anatazama ngazi, "hii ya kwanza iko na ubaya gani?"

"Haina ubaya, mzee. Ni chumba tu ndio mnapewa huko huko bandarini."

Akauliza tena, "Tunapewa... vingapi?"

Hapo aliniuliza alichoweza kuniuliza. Asingeweza kusema zaidi, mama mkwe akiwa ameketi palepale. Kazi yangu ilikuwa kulichukua lile swali nusu na kulijibu lote.

"Mko watu wazima watatu," nikasema. "Hawawezi kuwabana."

"Na ile ya pili?" akauliza Mama Akinyi.

"Ya pili mnachagua wenyewe, lakini inabidi nipige simu..." Niliitazama simu. Ilikuwa nyeusi, imekaa kwenye meza ya Madam. "Hakuna tofauti kubwa," nikasema.

Yule mzee akasema jambo kwa Kijaluo, na bintiye akanitafsiria. "Mama anauliza kama chumba kiko na dirisha la kuona maji."

"Mwambie meli yote imezungukwa na maji," nikajibu. "Hata akitaka kuyakosa hawezi."

Walicheka wote, hata Mzee Odhiambo mlangoni. Niliufurahia mzaha wangu. Fomu niliijaza kwa hati yangu nzuri, watu watatu kwenye karatasi moja.

Mimi ni mtu wa kusoma hata maandishi madogo, na brosha ile nilikuwa nimeisoma mara mbili. Nyuma, chini kabisa, ilisema kwamba vyumba vya nauli ya chini viko tumboni mwa meli, havina dirisha, vina vitanda vinne vinne, na abiria walioandikwa fomu moja wanaweza kuwekwa pamoja.

Wiki tatu baadaye Mama Akinyi alirudi ofisini peke yake. Hakukaa. Alinieleza taratibu, kama mtu anayesoma risiti.

Bandarini walipewa ufunguo mmoja. Walipofungua wakakuta vitanda vinne, viwili juu ya viwili, na ukuta wa chuma. Mzee Odhiambo aliweka mizigo mlangoni bila kuingiza mguu, akapanda juu. Akaomba chumba kingine, akaambiwa meli imejaa. Akalala kwenye kiti cha turubai huko juu nje, kwenye sitaha, usiku wote sita, amevaa koti lake la baridi ya Kericho. Siku mbili mvua ilimnyeshea.

"Na mama?" nikauliza.

"Mama alijua asubuhi ya kwanza. Aliniuliza, 'Mkwe wangu amelala wapi?' Nikamwambia. Akasema, 'Basi mimi siendi huko juu.' Nikamwambia mama, ni mchana sasa, watu wanatembea. Akasema, 'Viatu vyake viko wapi? Koti lake liko wapi?' Nikasema viko kwa kile kiti. Akaniambia, 'Hicho ndicho chumba chake. Nitapitaje kwa chumba cha mkwe wangu?'"

Hakupanda. Siku saba chakula kilimfuata chini, na Mama Akinyi alizipanda na kuzishuka ngazi zile kati ya mume na mama mpaka magoti yakavimba. Yule mzee aliyetoka nyumbani ili aone maji yasiyo na ng'ambo, alikaa ndani ya hayo maji siku saba na hakuyaona.

"Karani," Mama Akinyi akaniuliza, "ulijua hii?"

"Sikujua, mama," nikasema. "Kampuni haikutuambia."

Madam, ambaye kweli hakujua, akadakia kutoka mezani kwake, "Watu wa meli ni wabaya! Nitawaandikia!" Mimi nilichukua kitambaa nikaanza kupangusa taipureta. Mama Akinyi aliniangalia kwa muda, kisha akanyoosha mkono, akachukua brosha moja mezani, akaiweka kwenye kikapu na kuondoka.

Uongo ule ulikaa nami miaka. Kazini hakuna aliyeniuliza tena. Lakini nilianza kufanya jambo moja ambalo sikufundishwa na mtu. Mteja akija, kabla sijafungua brosha, namuuliza: kwenu ni nini kisichoweza kusogezwa? Mwingine anasema hasafiri Jumamosi. Mwingine ana binti anayekaribia kujifungua na tarehe haijulikani, kwa hiyo ile isiyobadilika haimfai hata ingekuwa ya bure. Na usifikiri nimekuwa adui wa nauli ya chini. Walimu wawili wa Mulot, vijana wasio na mke wala mzigo, niliwapa hiyo na wakarudi wanacheka. "Karani, ulitulaza juu ya injini! Tulidhani tuko kwa kinu cha mahindi!" Walikuwa wametoka huko weusi kwa jua, maana chumba chao walikitumia kuwekea viatu. Na mwenye bucha mmoja wa Bomet alichukua ile ya kila kitu, akaniambia, "Sitaki kuombwa pesa nikiwa nimeketi." Nayo ilimfaa. Zote tatu ni nzuri kwa mtu wake. Ubaya ni mwingine kukuchagulia kwa sababu zake asizokuambia.

Mwaka jana, baada ya zile mvua za El Niño, nilimkuta Mzee Odhiambo dukani chini ya ofisi yetu akinunua mabati. Anajenga kwao, anastaafu. Nikamsaidia kuhesabu, halafu nikamwambia.

"Mzee, ile habari ya meli. Nilijua."

Aliendelea kukagua bati moja kama lina tundu. "Najua ulijua," akasema. "Tulisoma ile karatasi. Lakini mimi nilijua kabla ya hapo. Uliposema hakuna tofauti, hukuniangalia."

"Mbona hukukataa?"

"Ningekataaje? Ningesema nini, na mama ameketi pale?" Akaliweka bati chini. "Wewe ndiye ulikuwa na mdomo siku hiyo, karani."

Nikamuuliza habari za Mama Penina. Akasema yuko, ana nguvu, analima. "Watu wakimuuliza bahari ikoje," akasema, "anawaambia inanguruma." Halafu akacheka kidogo, akaniomba nimshikie upande mmoja wa bati.

Sasa turudi kwenye fomu zako. Nitakueleza kama nilivyopaswa kueleza Alhamisi.

Ya kampuni inalipa karo, sare, chakula, hata nauli ya kurudi nyumbani likizo. Ukimaliza una kazi siku hiyohiyo, na si jambo dogo. Unawajua wauguzi walio na vyeti na wako nyumbani wanachuma chai. Kwa upande mwingine utafanya kazi miaka mitano katika zahanati ya shamba watakalolitaja wao. Ukiacha, au ukibadilisha masomo, unawarudishia vyote.

Ya kujilipia inategemea chai ya mama yako na ng'ombe wawili. Mvua ya mawe ikitupiga kama ilivyowapiga majirani zetu, huenda ukakaa nyumbani muhula mmoja. Kazi hakuna aliyekuahidi. Lakini ukitaka kuhamia maabara, ambayo umeitaja hapa nyumbani tangu kidato cha pili ukidhani sisikii, njia iko wazi.

Na sababu yangu ya kukuambia uchukue ya kampuni ni hii: naogopa. Naogopa kukuona umerudishwa kwa sababu ya karo. Naogopa mgongo wa mama yako. Nilitaka neno liishe, nipate usingizi. Sikukuuliza ni nini kwako kisichoweza kusogezwa. Nauliza kila mteja, nikakuacha wewe.

Jana nilimweleza mama yako yote, pamoja na habari ya meli ambayo sikuwahi kumwambia. Alikuwa anachambua maharagwe. "Kwa hivyo wewe, Baba Cherono," akasema, "ulitaka kumlipia huyu chumba kisicho na dirisha?" Nikamwambia nilikuwa nafikiria mgongo wake. Akasema, "Mgongo ni wangu. Usiutumie kumtisha mtoto."

Juzi Ijumaa nilifanya jambo lingine. Nilipiga simu chuoni. Nilipiga mwenyewe, kwenye ile simu nyeusi, Madam akiwa ameketi palepale. Mtu wa huko alikuwa na haraka. "Sema, mzee." Nilimwomba anisubiri, nikasoma maswali niliyoyaandika. Akanijibu la kwanza, sikusikia, nikamwambia arudie. Akarudia. Fomu ya malipo si lazima uitoe siku ya kuripoti, wanaipokea mpaka Ijumaa ya wiki ya kwanza. Anayejilipia akifanya vizuri mwaka wa kwanza anaweza kuomba kuhamia maabara. Anayelipiwa na kampuni hawezi. "Hiyo imefungwa," alisema. Nimekuandikia majibu yote kwenye karatasi ndogo, imo ndani ya bahasha.

Nilipoweka simu chini Madam alinitazama juu ya miwani. "Arap Langat, leo umekunywa nini?"

Fomu zote mbili zimo humu pia. Nimetia sahihi yangu kwenye zote, mahali pa mzazi, kwa kalamu moja na siku moja, ili usitafute ndani yake ni ipi ninayoipenda. Mstari wako nimeuacha wazi kwenye zote. Ukifika, uliza hizo zahanati zao zikoje, tazama maabara, waulize waliotangulia mbele yako. Utakayoichagua tutaibeba, mimi na mama yako, na kama ni ile ya kujilipia tumeshakubaliana ng'ombe yupi aanze kwenda sokoni.

Mvua imepungua. Nasikia sauti yako barabarani, unawaaga wenzako kwa mara ya tano. Naifunga bahasha sasa, nitaiweka juu ya nguo zako.

Ijumaa ukishaamua, piga simu ofisini. Ikilia nitaishika mimi.

Baba yako,
Arap Langat